AFYA YA NYUMBANI: Pua ya Mtoto Inapochubuka kwa Mafua



Huku kwetu Bonde la Kilombero, Juni na Julai ni miezi ya kumalizia mavuno ya mpunga, na pia ni miezi ya ubaridi wa alfajiri. Familia nyingi hulala shambani. Watoto hushinda karibu na wanaopiga mpunga, na usiku moshi wa kuni hujaa kibandani. Mafua huletwa na virusi, wala si vumbi. Lakini vumbi na moshi huzidi kuiwasha pua inayougua. Na watoto wakilala wengi kitandani, mmoja huwaambukiza wote.

Mafua ya kawaida huisha yenyewe, mara nyingi ndani ya siku 7 hadi 10. Antibiotiki haziui virusi, basi usihangaike kuzinunua dukani. Kazi yetu ni kumpunguzia mtoto adha, na adha kubwa ni ile pua nyekundu iliyochubuka, ambayo ukiigusa tu analia.

Kinachochubua pua ni kamasi inayolowesha ngozi muda wote, na zaidi sana ni kusugua kwetu. Tunamkamata mtoto, tunavuta pindo la kanga, tunakwangua. Kama kanga ni mpya na bado ina wanga, ni sawa na kumpitishia msasa. Tafuta kanga kuukuu iliyolainika, ikate vipande, na kila mtoto awe na chake. Kichovye katika maji safi ya uvuguvugu, kiweke puani kidogo mpaka kamasi iliyokauka ilainike, kisha gusagusa bila kusugua. Kitambaa cha pua kisipande machoni. Fua kwa sabuni, anika juani, nawa mikono.

Ngozi ikikauka, paka mafuta ya mgando kidogo sana, yasiyo na manukato, chini ya pua na pembeni mwa matundu. Yanazuia kamasi isiichome ngozi. Paka nje tu. Usidondoshe mafuta ya aina yoyote ndani ya pua, wala samli, kwa maana yanaweza kuteremka mapafuni na kuleta nimonia. Dawa za kuchua zenye mentoli na kafuri usizipake puani kabisa, na kwa mtoto aliye chini ya miaka 2 usizitumie hata kifuani.

Kwa pua iliyoziba, tengeneza maji ya chumvi. Chemsha maji safi, pima mililita 250, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa, ukoroge. Yakipoa yaonje: yasizidi chumvi ya machozi. Dondosha matone 2 katika kila tundu, subiri kidogo, kisha pangusa kinachotoka. Yanayobaki yamwage jioni. Kesho utengeneze mengine.

Fanya hivyo dakika chache kabla ya kunyonyesha. Mtoto mchanga hupumua zaidi kwa pua. Pua ikiziba, hushika titi, huliachia, hulia, hushika tena. Hapo ndipo mama huambiwa na majirani kwamba maziwa yake ni mabaya, na mtoto wa miezi 3 huanza kupewa uji. Dada yangu, maziwa yako hayana kosa lolote. Zibua pua, mnyonyeshe kidogo kidogo mara nyingi, umwinue kichwa akiwa mikononi mwako.

Ziko pua ambazo si za kutunzwa nyumbani tu. Vidonda vikitoa ukoko wa rangi ya asali na kuenea, hiyo ni maambukizo ya ngozi yanayohitaji dawa. Usaha wenye harufu mbaya ukitoka tundu moja tu, huenda mtoto amejitia punje ya mpunga, harage au shanga. Usichokoe kwa kijiti, utaisukuma ndani zaidi. Mpeleke zahanati.

Zaidi ya pua, tazama kifua. Mtoto akiwa ametulia, mfunue nguo, uhesabu pumzi zake kwa dakika nzima ukitumia saa ya simu. Pumzi 60 au zaidi kwa mtoto chini ya miezi 2, 50 au zaidi kuanzia miezi 2 hadi kabla ya mwaka, na 40 au zaidi kuanzia mwaka 1 hadi 5, ni dalili ya hatari. Vivyo hivyo kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea. Na homa katika bonde hili isiitwe ya mafua mpaka mtoto apimwe malaria.

Ukiona mojawapo ya hayo, acha mpunga uwanjani. Usingoje baba arudi na baiskeli jioni, wala usingoje magunia yashonwe. Kubalianeni mapema, mkiwa bado nyumbani, ni nani atakayempeleka mtoto, kwa njia gani na kwa fedha ipi. Gunia moja la mpunga likiibwa tutalisikitikia, kisha tutalima tena mwakani.

Nawatakia mavuno mema na watoto wenye afya.