Mazungumzo ya Nyumbani: Wembe na Santuri

Wazazi wengi hutuuliza swali moja juu ya sinema, na karibu kila mara kwa maneno yale yale: je, filamu hii ina damu? Wakiambiwa kwamba haina, huwaacha watoto waketi mbele yake hata usiku. Wakiambiwa kwamba inayo, huizima. Hatuwalaumu. Baba aliyerudi kazini amechoka, naye ana watoto ambao siku hizi hubeba sinema mfukoni ndani ya simu, hana nafasi ya kuchungua kila hadithi tangu mwanzo hata mwisho. Tena damu huonekana upesi kuliko mambo mengine. Lakini twaona kwamba swali hilo halitoshi, na mara nyingine humgeuza mzazi macho asione mahali penye hatari ya kweli.

Tutatwaa hadithi moja tu, iliyokuwa kitabu kwanza, kisha ikatengenezwa filamu, tupate kuvilinganisha viwili hivyo kwa utulivu. Mwandishi wake ni Graham Greene, Mwingereza, aliyezaliwa mwaka 1904 na kupokelewa katika Kanisa Katolika mwaka 1926. Kwetu Kongo si mgeni kabisa. Mwaka 1959 alifika Yonda, kijiji cha wagonjwa wa ukoma karibu na Coquilhatville, mji uitwao leo Mbandaka, akakaa na mapadri pamoja na daktari waliowauguza wagonjwa wale. Na kutoka safari hiyo akaandika kitabu chake A Burnt-Out Case. Lakini kitabu tunachotaka kukinena leo ni cha zamani zaidi. Jina lake ni Brighton Rock, nacho kilitoka mwaka 1938.

Brighton ni mji wa pwani ya Uingereza, ambako watu wa London huenda kupumzika. Huko huuzwa pipi ndefu ya sukari, ngumu kama fimbo, yenye jina la mji ndani yake. Uivunje mwanzoni au katikati au mwishoni, jina lile laonekana vile vile. Ndiyo maana ya jina la kitabu. Mtu mmoja katika hadithi asema kwamba wanadamu wako hivyo: wavunje utakapo, hawabadiliki. Swali hilo, kama mtu aweza kubadilika ama sivyo, ndilo lililolala chini ya hadithi nzima.

Pinkie ni kijana wa miaka 17, naye ni mkuu wa genge la waovu wanaomzidi umri. Pombe haonji. Amebatizwa, amejifunza katekisimu, hata kuimba kwaya aliimba zamani. Naye asadiki jehanamu kwa nguvu kuliko anavyosadiki mbingu. Yeye na watu wake wamwua mtu wa gazeti aitwaye Hale. Msichana mmoja, Rose, wa miaka 16, mtumishi wa hoteli ya chai, ameona jambo dogo ambalo laweza kuwapeleka wauaji kwenye kamba. Basi Pinkie amwoa. Ni ndoa ya serikali tu, kwa sababu sheria ya Uingereza ya siku zile haikumlazimisha mke kutoa ushahidi juu ya mumewe. Wote wawili ni Wakatoliki, na wote wawili wajua wazi kwamba wanatenda dhambi ya mauti. Rose akubali kwa sababu ampenda. Pinkie amchukia.

Filamu yake ilipigwa mwaka 1947 na ndugu wawili, John na Roy Boulting, na Greene mwenyewe alishiriki kuyaandika maneno yake pamoja na Terence Rattigan. Pinkie alichezwa na Richard Attenborough, ambaye miaka mingi baadaye, mwaka 1982, alitengeneza filamu ya maisha ya Gandhi. (Uso ule ule uliotisha watu kwa wembe! Wachezaji wa sinema hawafanani na wale wanaowaigiza, jambo ambalo vijana wetu husahau.) Filamu ilipotoka, palikuwa na makelele katika magazeti ya Uingereza kwa ajili ya nyembe. Mwanzoni mwa filamu watengenezaji waliweka tangazo la kuwaambia watazamaji kwamba Brighton wa kweli umekwisha kuwa mji wa amani, na kwamba mambo hayo ni ya zamani, kati ya vita viwili vikuu.

Tuangalie basi nyembe zile. Katika uwanja wa mashindano ya farasi, Pinkie ampeleka mmoja wa watu wake mwenyewe, jina lake Spicer, ili auawe na genge jingine. Nalo genge lile lamgeukia yeye pia, lamchanja kwa nyembe. Hayo yamo kitabuni na yamo katika filamu. Katika filamu twaziona nyembe, twaona watu wakisukumana, twasikia kelele, kisha hadithi yaendelea mbele. Katika kitabu ugomvi wenyewe ni mfupi, lakini baada yake Pinkie akimbia, ajificha katika banda la motokaa akitokwa damu, na hapo mwandishi akaa naye. Siku zote kijana huyu alijituliza kwa wazo kwamba kutubu kwaweza kufanyika dakika ya mwisho, hata kati ya pigo na mauti. Sasa dakika ile imemkaribia, naye aona kwamba hakuiweza: maumivu na hofu zilijaza roho yake yote, wala majuto hayakupata mlango. Mazoea ya mawazo hayavunjwi kwa kitambo kimoja.

Hapo, ndugu wasomaji, ndipo tunapoona tofauti ya kitabu na sinema. Wembe ni chombo cha sinema. Huonekana, hung'aa, huchanja. Lakini kuutazama moyo wa mtu aliyejificha gizani, akigundua kwamba hakuweza kutubu, ni kazi ya maneno. Mtengenezaji wa filamu aliyechukua wembe akaliacha banda la motokaa hakuongeza damu hata tone moja. Ameondoa tu kitu kilichoipa damu ile maana.

Tena yafaa kukumbuka kifo cha Hale. Katika kitabu hatumwoni akifa. Mwanamke aliye naye, Ida, amwacha dakika chache aende kunawa, aliporudi, hayupo. Basi. Msomaji hubaki na mahali patupu, na hofu yake hukua kwa sababu hakuona kitu. Filamu haikuvumilia nafasi tupu namna hiyo. Ilimpandisha Hale katika kigari cha maonyesho kipitacho gizani kati ya sanamu za kutisha, na ndani ya giza lile akauawa. Twakiri kwamba mahali pale palichaguliwa kwa akili sana, wala hakuna ubaya mkubwa ndani yake. Lakini kwa namna hii kifo cha mtu chafungwa pamoja na mchezo wa kutishana, na mtazamaji hupiga ukelele kama apigavyo ukelele katika kigari kile, kisha hucheka.

Sasa twafika kwenye jambo ambalo magazeti yale hayakulipigia kelele nyingi. Siku ya harusi yao Rose amwomba Pinkie ampe sauti yake. Palikuwa na kibanda ambamo mtu aliweza kulipa fedha kidogo, akanena peke yake, na maneno yake yakachorwa katika sahani ya santuri. Pinkie aingia. Rose, aliye nje, amtazama kwa kioo na kudhani kwamba ananena maneno ya mapenzi. Kumbe anamlaani. Amwambia mkewe kwa sauti yake mwenyewe kwamba amchukia, na kwamba atamani aondoke maishani mwake. Rose aichukua sahani, aitunza kama lulu, kwa sababu hana santuri ya kuipigia.

Mwishoni Pinkie amekufa. Katika kitabu Rose aenda kuungama kwa padri mzee. Hataki maondoleo, ataka kupotea pamoja na mumewe. Padri yule, mgonjwa wa kifua, amweleza kwamba huruma ya Mungu ni ya ajabu kuliko akili ya mwanadamu iwezavyo kuipima, na kwamba kama kijana yule alimpenda, basi palikuwa na wema fulani ndani yake. Hata juu ya mtoto ambaye pengine ameanza kumchukua, amwambia amlee awe mtakatifu wa kumwombea baba yake. Rose atoka amefarijika. Sahani iko nyumbani. Aenda kuipiga. Kitabu kinaisha akiwa njiani, na msomaji ajua atasikia nini.

Katika filamu mambo yamegeuzwa. Rose yuko pamoja na mtawa, santuri iko mezani, sahani yazunguka. Lakini sahani imepata mkwaruzo. Sauti ya Pinkie yaanza, yafika kwenye maneno ya kwamba ampenda, na hapo sindano yakwama: yarudia, yarudia maneno yale yale, na Rose atabasamu. Neno la chuki halikusikika.

Greene hakuukana mwisho huo. Alisema baadaye kwamba aliupenda, maana mtazamaji mwenye akili atajua ya kuwa siku nyingine Rose ataisogeza sindano mbele ya mkwaruzo na kusikia yote. Hoja hiyo ni ya mwandishi stadi, nasi twaiheshimu. Lakini gazeti letu husomwa katika nyumba zenye wasichana wa miaka 16, na hatudhani kwamba msichana atokaye katika sinema akifuta machozi atafikiri juu ya sindano. Atakumbuka tabasamu. Atakumbuka kwamba mwanamume aliyemficha, aliyemdanganya, aliyetaka hata ajiue mwenyewe, mwishowe sauti yake ilisema nakupenda.

Hii ndiyo sababu ya kusema kwamba swali la damu halitoshi. Pigo kali kuliko yote katika hadithi hii halikutoa damu. Lilikuwa sauti ya mume akimtukana mkewe, nalo ni pigo ambalo watoto wengi hulisikia nyumbani bila kwenda sinema. Kitabu hakikulificha. Filamu ililipaka sukari, na watu waliokuwa wakizihesabu nyembe wakalipitisha pigo hilo bila kulichungua.

Kanisa halikatazi kabisa kuusimulia uovu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake Inter Mirifica ya tarehe 4 Desemba 1963, ulifundisha kwamba kuonyesha uovu kwaweza kumsaidia mwanadamu kujijua zaidi na kuutukuza ukweli na wema, mradi sheria ya maadili ifuatwe, hasa katika mambo ambayo kwa urahisi huchochea tamaa mbaya. Twasoma neno ukweli, na twaliweka pembeni mwa sahani ile iliyokwama.

Nchini mwetu pia watu wa zamani walijaribu njia ya kuzihesabu bunduki. Chini ya Wabelgiji, filamu za kuonyeshwa Waafrika zilikaguliwa mbali na zile za Wazungu, kana kwamba ni Mwafrika peke yake awezaye kuharibiwa na picha. Ukaguzi ule haukuwazuia vijana wa Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, wasijiite Bills katika miaka ya 1950, kwa jina la Buffalo Bill wa sinema, na kuvaa na kutembea na kugombana kama wachunga ng'ombe wa Marekani. Padri mmoja wa Scheut, Jozef de Laet, hakuishia kuwakemea kwa mbali. Aliingia kati yao, akajifunza lugha yao, hata wakamwita Père Buffalo. Alitaka kujua wanaona nini katika picha zile, kabla ya kuwaambia yeye anaona nini.

Mzazi aweza kufanya vivyo hivyo bila fedha. Filamu ya kuchinjana tu, isiyo na hadithi, izimwe, na neno liishe. Hatupotezi wino kwa ajili yake. Lakini filamu yenye hadithi ya kweli ndani yake, hasa iliyotoka kitabuni, kaeni muitazame pamoja na vijana waliokwisha kukua, na ikimalizika ulizeni habari za aliyepigwa. Alikwenda wapi? Nani alimfunga jeraha? Je, filamu ilimfuata nyumbani kwake, au ilimwacha chini na kumkimbilia aliyempiga? Mtoto ataona mwenyewe mambo ambayo baba na mama hawakuyaona. Na kitabu kikipatikana, kwa Kifaransa au kwa lugha yoyote mnayoisoma, someni sura ya mwisho kwa sauti baada ya filamu, mlinganishe.

Na kama nyumbani mna msichana wa umri wa Rose, mwulizeni sahani ile ingalisema nini kama isingalikwama. Msimjibie upesi. Mwacheni afikiri hata kesho.