WAZEE NA VIJANA WA PAMBA, MIZANI YENU NI MOJA



Kuna ugonjwa umeingia katika nchi ya pamba, nao si wa wadudu wala wa ukame. Ni ugonjwa wa baba kumwona mwanawe mzigo, na mwana kumwona babaye kizuizi. Fika Shishiyu, mkoani Simiyu, wakati wa kuuza pamba, utausikia kwa masikio yako. Chini ya mti wazee husema: vijana wa leo hawataki jembe, wanataka pikipiki. Barabarani vijana nao husema: wazee wameshika shamba, wameshika ng'ombe, wameshika ushirika, na chama wamekishika, sisi tumeachiwa kupiga makofi.

Sisi twasema pande zote mbili zimekosea, tena zimekosea kwa faida ya mtu wa tatu.

Hebu tujiulize. Mwaka 2022 bei elekezi ya pamba ilikuwa shilingi 1,560 kwa kilo. Mwaka 2023 ikawa shilingi 1,060. Shilingi 500 zilitoweka katika kila kilo. Je, ziliuliza umri wa mtu kabla ya kuondoka? Mwaka 2019 wanunuzi walibeba pamba, na wakulima wakakaa miezi mingi wakingoja malipo. Je, mzee alilipwa mapema kwa sababu ya mvi zake? Kijana aliyevuna kwa kibarua alingoja, na babaye mwenye shamba alingoja. Waliolala njaa ni wale wale, nyumba ile ile.

Na sasa tuwakumbushe wale waliosahau. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Usukuma walikuwa wakiibiwa mchana kweupe kwenye mizani ya wanunuzi. Wakaamua kuweka wapimaji wao wenyewe, ili pamba ipimwe kwa haki. Kazi ile ilihitaji watu wawili: mwenye kujua kusoma namba, na mwenye heshima ya kukusanya kijiji kikamsikiliza. Msumba na namhala wakasimama pamoja. Kutoka hapo kikazaliwa Chama Kikuu cha Ushirika cha Victoria, mwaka 1955. Kiongozi wake, Paul Bomani, alizaliwa mwaka 1925. Hesabu mwenyewe alikuwa na miaka mingapi. Mwalimu Nyerere alikuwa na miaka 32 TANU ilipoanzishwa mwaka 1954. Mkoloni alipokataza TANU katika Usukuma, kuanzia mwaka 1954 hata 1958, ushirika ndio uliobaki kuwa mahali pa wananchi kukutana na kujifunza umoja.

Basi wazee wetu, tunawaheshimu, lakini tutawaambia kweli. Nyinyi mlikabidhiwa kazi hii mkiwa wabichi, au mliipokea kwa watu walioianza wakiwa wabichi. Leo kijana wa miaka 30 akiomba kuona daftari la ushirika mnamwita mkorofi! Mnamwambia angoje. Angoje nini? Ekari mnagawa kwa maneno, na mkikasirika mnazirudisha kwa maneno. Kijana hawezi kujenga maisha juu ya ardhi ya kuazimwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeweka hati ya haki miliki ya kimila. Mpeni mwana sehemu yake kwa maandishi. Na binti naye, maana ndiye aliyepalilia.

Nanyi vijana, msicheke bado. Kutukana wazee si siasa. Wengi wenu mnadharau mkutano wa ushirika, hamlipi hisa, hamji siku ya kuchagua viongozi, halafu mnalia kwamba mmechaguliwa wezi. Pikipiki mnayoringia wengi wenu si yenu. Ni ya tajiri, na kila jioni mnampelekea hesabu yake, pawe na abiria pasiwe na abiria. Huo ndio uhuru mliokimbilia? Mzee ananyonywa kwa kilo, kijana ananyonywa kwa siku. Ni kupe wa namna moja, amekaa mahali pawili.

Tena sikilizeni. Sehemu kubwa ya pamba yetu huondoka nchini ikiwa marobota, ikasokotwe na kufumwa kwa watu. Bei anayoililia mzee na ajira anayoililia kijana zimo ndani ya robota hilo hilo. Mkidai pamoja kwamba pamba ifumwe hapa hapa, mnadai mkate wa wote wawili. Mkigombana, robota linaondoka kimya.

Na chama chetu nacho kisijifiche. Mwaka 2010 majimbo yote mawili ya Maswa yalikwenda kwa upinzani. Wako waliosema vijana wameasi, wakaishia hapo. Mtu mwenye akili haulizi tu nani aliondoka nyumbani. Huuliza pia nani alifunga mlango. Tawi ambalo kijana huitwa siku ya kubeba viti tu, na kusahauliwa siku ya kupanga wagombea, linafukuza wanachama wake kwa mkono wake.

Kwa hiyo twadai mambo matatu, nayo yanaweza kuanza Shishiyu msimu ujao. Kwanza, hesabu za chama cha msingi zisomwe kwa sauti mbele ya wakulima wote: kilo zilizopimwa, makato, na fedha zilizolipwa. Pili, mezani pa mizani akae mzee mmoja na kijana mmoja, wakague pamoja. Tatu, kila kijana anayelima ajiunge na ushirika kwa jina lake, si kwa jina la babaye.

Mnyonyaji haogopi mzee peke yake, maana atachoka. Wala haogopi kijana peke yake, maana atanunuliwa. Anaogopa siku watakapokuja wote wawili mizanini, mmoja akisoma namba, mwingine akikumbuka ya mwaka jana.

Umoja ni nguvu. Utengano ni faida ya mlanguzi.