Kipimo kwanza, sahihi baadaye

Ndege ndogo iliyotua katika kiwanja cha vumbi kumchukua mgonjwa haina msaada wowote ikiwa injini yake haiwaki. Stata, yaani mota ya umeme inayozungusha injini mpaka iwake, ikishindwa kazi huko, hakuna karakana wala fundi. Rubani huweza kushawishika kuzungusha rafadha kwa mkono. Injini ikiwaka ghafla, rafadha hiyo yaweza kumkata mkono au kumwua.

Ndiyo sababu stata iliyofunguliwa, ikabadilishwa brashi na kufungwa upya, haifai kurudishwa katika ndege kabla ya kupimwa mezani. Kipimo chenyewe si kigumu. Stata hubanwa barabara katika jiliwa, kwa kuwa umeme ukiingia hufurukuta kwa nguvu. Huunganishwa kwa nyaya nene na betri ya volti 12 au 24, kadiri ilivyoundwa. Huachwa izunguke kwa muda mfupi tu, maana bila mzigo huweza kushika kasi ya kupita kiasi. Fundi husoma ampea na kasi, kisha hulinganisha na kitabu cha mtengenezaji.

Kipimo hicho hufichua yale ambayo jicho haliyaoni. Umeme ukivutwa mwingi na mwendo ukawa mdogo, huenda bushi zimebana au nyaya za ndani zimegusana. Umeme na mwendo vyote vikipungua, huenda brashi hazigusi sawasawa. Kwa nje, stata zote hizo hung'aa kwa rangi mpya.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, karakana kuu ya shirika la ndege la pamoja ilikuwa Nairobi. Taifa letu lililazimika kujenga ufundi wake lenyewe. Ufundi huo hautadumu iwapo tutazoea kutia sahihi kwanza na kupima baadaye. Fundi atiaye sahihi kabla ya kupima ameshuhudia jambo asilolijua.

Wajibu huu si wa fundi peke yake. Mtumishi wa umma anayepokea mtambo uliotoka katika matengenezo, uwe wa ndege, wa pampu ya maji au wa gari la wagonjwa, asiridhike na stakabadhi. Adai karatasi ya vipimo. Mwalimu wa ufundi naye asitoe alama kwa sababu mwanafunzi amefunga skrubu zote. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka masomo yaambatane na kazi, na kazi isiyopimwa haijakamilika.

Wapo watakaosema kwamba kupima kunachelewesha. Kipimo hicho huchukua dakika chache. Mgonjwa aliyekwama kiwanjani huweza kungoja siku nzima. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Tunawaomba mafundi, watumishi na walimu wote: tupime kwanza, ndipo tutie sahihi.