Serikali inaporudisha gharama, nani anailinda nyumba ya mjane?



Tarehe 29 mwezi wa sita 2021, mji mdogo wa Lytton, katika jimbo la British Columbia nchini Kanada, ulifikia joto la nyuzi 49.6. Kesho yake moto uliteketeza karibu mji wote, na watu wawili wakafa. Mwaka 2023, moto wa pori uliunguza zaidi ya hekta milioni 15 za Kanada. Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini zikiunganishwa hazifikii eneo hilo.

Jimbo hilo lina mpango unaostahili kutafakariwa. Serikali inazipatia halmashauri za miji pesa. Mkaguzi anafika kwa mwenye nyumba na kumwonyesha hatari: majani makavu juu ya paa, matawi yanayogusa ukuta, kuni zilizopangwa karibu na mlango. Mita 1.5 kuzunguka nyumba pasibaki kitu cha kushika moto, kwa maana nyumba nyingi zinawashwa na cheche zinazoletwa na upepo, hata kabla moto wenyewe haujafika. Mwenye nyumba akimaliza kazi, anapeleka karatasi za malipo na kurudishiwa sehemu ya gharama.

Tunasifu hekima ya kutumia pesa kabla ya msiba. Lakini tunaona pengo. Anayerudishiwa ni yule aliyeweza kutoa kwanza. Mjane asiye na akiba atatoa nini? Mzee asiyeweza tena kupanda ngazi? Mpangaji ambaye nyumba si yake? Tena moto hauchagui: nyumba moja iliyoachwa inawasha ya jirani aliyesafisha vizuri. Msaada unahesabiwa nyumba kwa nyumba, hatari ni ya mtaa mzima.

Katika Kumbukumbu la Torati 22:8, Mungu anamwagiza anayejenga nyumba aweke kizuizi pembeni mwa paa, ili asije akaanguka mtu na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Agizo hilo linalinda yeyote anayepanda juu ya paa, na halingoji ahadi ya kurudishiwa kitu.

Kwetu Bukavu, katika mitaa ambamo nyumba za mbao zimebanana, moto wa jiko moja unaweza kula avenue nzima. Serikali haturudishii gharama. Tuendelee kuwaomba viongozi njia ambazo gari la zimamoto linaweza kupita. Lakini mikono tunayo. Kabla ya kiangazi, vijana na wababa wa kila parokia wafanye salongo: waondoe takataka kavu, wasogeze makaa na mafuta mbali na kuta za mbao, wakague nyaya za umeme zilizochakaa.

Waanzie kwa mjane. Akilindwa yeye, avenue yote imelindwa.

Bwana atupe macho ya kuona hatari ya jirani kabla ya moshi.