Simba, Shujaa na Hoja ya Dhiki

Kuna dhana iliyokita mizizi katika uhakiki wa fasihi kwamba shujaa huzaliwa na dhiki. Kutokana na dhana hiyo hutolewa utabiri: siku mashine zitakapolima, zikachunga na hata kutunga, binadamu atakosa la kupigania na fasihi yake itakauka. Kwa hiyo, hudaiwa, sharti changamoto zisikome. Hoja hii inachanganya dhiki na jaribio, na kosa lake laonekana wazi katika Kajiado.

Kwa vizazi vingi morani wa Kimaasai alithibitisha ushujaa wake kwa olamayio, yaani uwindaji wa simba. Mtetezi wa dhiki angetabiri kwamba simba akiondolewa, umorani umekwisha. Mwaka 2012 jamii za eneo la Amboseli, zikishirikiana na shirika la Big Life, zilianzisha Olimpiki ya Wamaasai huko Kimana. Humo hutupwa rungu na mkuki, hushindaniwa mbio, na morani huruka hadi kichwa kiguse kamba iliyofungwa juu. Kugusa kamba kwa utosi hakumnyweshi ng'ombe hata mmoja. Hata hivyo vijana hujifua kwa ajili yake, na mashindano hayo yalirudiwa tena mwaka 2024.

Itajibiwa kuwa huo ni mchezo tu, kivuli cha ushujaa wa kale. Lakini olamayio nayo ilikuwa na kanuni zake: kwa kawaida simba jike hakuwindwa, na sifa kuu ilimwendea aliyetangulia kumchoma mkuki. Mtu anayeokoa mbuzi wake haulizi simba ni dume au jike. Juni mwaka huohuo wa 2012, wakazi wa Kitengela waliwaua simba 6 waliotoka katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi na kushambulia mifugo; miongoni mwao walikuwamo majike na watoto. Mei 2023 simba 6 wengine waliuawa Mbirikani baada ya kula mbuzi. Dhiki ilikuwapo, tena ya kweli. Jaribio la ushujaa halikuwapo, kwa kuwa hakuna aliyelichagua, wala hapakuwa na kanuni ya kumpima.

Fasihi ya Kiswahili yenyewe inawasuta watetezi hao. Malumbano ya washairi wa Mombasa, aliyoyatia fora Muyaka bin Haji kabla ya kufariki mwaka 1840, yalifungwa kwa vina na mizani ambavyo hakuna njaa iliyovidai. Fumo Liyongo naye hukumbukwa kwa pingu alizozikata, lakini hukumbukwa vilevile kwa nyimbo za gungu, ngoma ya karamu. (Ajabu ni kwamba mhakiki hukimbilia pingu na kuiruka ngoma, ilhali katika kisa ni vishindo vya ngoma vilivyoficha sauti ya tupa.)

Basi swali la kuuliziwa neema ya teknolojia silo kama itamnyima binadamu changamoto. Swali ni nani ataipata. Kitengela, ambako malisho yamekatwakatwa kuwa viwanja na nyua, umeme na majumba ya ghorofa vimefika kabla ya mfugaji kupewa njia ya kuwapitishia ng'ombe wake. Wafugaji wa Kajiado walioipoteza mifugo yao katika ukame wa 2022 hawakuwa wamepungukiwa na changamoto.