Mwanapunda Aliyefiwa na Mama



Wanazuoni wa lugha ya Kiarabu hutofautisha yatima wa watu na yatima wa wanyama. Kwa binadamu, yatima ni mtoto aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe, kwa kuwa baba ndiye mwenye wajibu wa kumlisha. Kwa wanyama, yatima ni aliyefiwa na mama, kwa kuwa riziki yake yote imo kiweleni. Tumeikumbuka tofauti hiyo baada ya kupokea swali la mama mmoja wa kisiwa cha Pate. Punda wao jike alizaa alfajiri, akafa kabla ya adhuhuri. Mwanapunda akapewa maziwa ya ng'ombe yaliyotiwa sukari, akaharisha, na siku ya tatu naye akafa. Mama huyo anauliza ni nini kilichokosekana, maana yupo punda mwingine zizini ambaye siku zake za kuzaa zimekaribia.

Wenzetu wa Mombasa na Malindi huenda wakaliona swali hili kuwa dogo. Katika visiwa vya Lamu punda ndiye abebaye mawe, mchanga, saruji na mitungi ya maji, na mimba yake huchukua mwaka mzima, pengine na ziada. Nyumba inayompoteza mama na mtoto kwa siku tatu imepoteza chombo chake cha kazi na kile ambacho kingekirithi.

Kilichokosekana kwanza ni dang'a. Maziwa yale mazito ya manjano yanayotangulia si chakula pekee. Mtoto wa binadamu hupokea sehemu ya kinga kutoka kwa mama yake angali tumboni, kupitia kondo la nyuma. Mwanapunda hapati kinga kwa njia hiyo. Kinga ya wiki zake za mwanzo imo ndani ya dang'a, na utumbo wake huweza kuipokea kwa muda mfupi tu: vizuri zaidi katika saa 6 za mwanzo, kwa udhaifu baada ya saa 12, na zikitimia saa 24 mlango umekwisha kufungwa. Kwa hiyo mama akifa, au akiwa mgonjwa asiyeweza kusimama, jambo la kwanza ni kumkamua, na maziwa yawe baadaye. Hata aliyekufa punde hivi huweza kukamuliwa. Twajua kwamba wengi huona vigumu kuugusa mzoga, lakini kilichomo katika kiwele hicho hakinunuliwi dukani.

Kiasi cha nusu lita hadi lita moja, kikitolewa kidogo kidogo ndani ya saa hizo 6, chatosha kwa mwanapunda wetu wa pwani ambaye umbo lake ni dogo. Mama asipokuwa na kitu, atafutwe punda jirani aliyezaa siku hiyo au jana yake. Mtoto wake mwenyewe anyonye kwanza, kisha kikamuliwe kinachobaki. Dang'a ya ng'ombe au ya mbuzi ni afadhali kuliko kukosa kabisa, ingawa kinga yake haidumu. Hapa wenye majokofu ya kugandisha wanaweza kufanya jambo la maana kwa mtaa mzima: kuweka chupa moja au mbili za dang'a ya punda, zilizoandikwa tarehe, ambazo hudumu mwaka bila kuharibika. Siku ya haja chupa huyeyushwa katika maji ya vuguvugu. Moto mkali huiua kinga yenyewe, yakabaki maziwa matupu.

Ishara ya kujiandaa haifichiki. Kiwele hujaa, na siku moja au mbili kabla ya kuzaa huonekana matone mfano wa nta kwenye ncha za chuchu. Wakati huo chupa iwe imechemshwa na nambari ya daktari wa mifugo iwe karibu. Lamu mjini, ufukoni, ipo hospitali ya Donkey Sanctuary iliyofunguliwa mwaka 1987, ambayo huwatibu punda bila malipo. Mwanapunda mwenye afya husimama ndani ya saa moja hivi na kunyonya ndani ya saa mbili. Asiyefanya hivyo ni mgonjwa, mama yake awe hai au amekufa. Kitovu chake kioshwe kwa dawa ya iodini iliyopunguzwa makali. Pepopunda, ugonjwa ambao lugha yetu imeupa jina la mnyama huyu, huweza kuingilia hapo.

Cha pili ni maziwa yenyewe. Maziwa ya punda ni mepesi, yana mafuta kidogo sana na utamu mwingi. Ya ng'ombe ni kinyume chake. Palipo na maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa watoto wa farasi, hayo ndiyo bora, lakini ni ghali na ni adimu katika pwani yetu. Yale ya ndama tusiyakimbilie, kwani baadhi yake hutiwa dawa za mifugo ambazo kwa punda ni sumu. Linalowezekana nyumbani ni kuyachemsha maziwa ya ng'ombe, kuyaacha yapoe, kuondoa malai yote, kisha kutia gramu 20 za glukosi kwa kila lita, yaani vijiko vikubwa viwili vya kusawazisha. Maziwa ya mbuzi nayo hufaa. Sukari ya chai haifai, na hapo ndipo ilipo sehemu ya jibu la mama yetu wa Pate: tumbo la mwanapunda mchanga haliwezi kuivunja, hivyo huishia kuharisha.

Tuchukue mfano wa mwanapunda wa kilo 12. Uzito hujulikana kwa mtu kupanda mzani akiwa amembeba, kisha akapanda peke yake. Siku ya kwanza anahitaji sehemu moja ya kumi ya uzito wake, yaani lita moja na robo hivi, ambayo ni mililita 100 kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Kiasi huongezwa taratibu hadi kufikia lita mbili na nusu au tatu kwa siku kabla ya wiki mbili kwisha. Maziwa yawe na joto la mwili. Anyweshwe akiwa amesimama au amelala kifudifudi, kichwa kikiwa kwenye kimo ambacho angenyonyea kwa mama yake. Kumpakata kama mtoto wa binadamu na kumwinulia shingo ni kuyapeleka maziwa mapafuni. Maziwa yakimtoka puani, msimame hapo hapo na daktari aitwe.

Kila baada ya saa mbili, usiku na mchana: msomaji mwanamke amekwisha kuelewa ni nani atakayeamka. Punda huhesabiwa kuwa ni wa baba anapoleta fedha, akawa wa mama anapolia saa nane za usiku. Mama mwenye mtoto wake kifuani hawezi kuubeba usiku huu wa pili, wala binti mwenye mtihani. Twaona ni haki mwenye punda agawane zamu, na lizungumzwe kabla ya kuzaa. Mtume wetu (s.a.w.) alifundisha kwamba upo ujira katika kumtendea wema kila kiumbe kilicho hai, hatujasikia kwamba ujira huo umewekewa wanawake peke yao.

Dada zetu huuliza pia kuhusu swala. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu pwani twayafuata, maziwa ya mnyama asiyeliwa, akiwemo punda wa nyumbani, huhesabiwa najisi. Nguo iliyorukiwa na dang'a ya punda ioshwe kabla ya kuswalia, kama ioshwavyo ya mkojo na kinyesi. Mate ya punda aliye hai ni tohara, na maziwa ya ng'ombe yaliyomwagika hayana neno. Kukamua kwa ajili ya kumnywesha mwanapunda hakuna ubaya. Mwenye shaka amwulize mwalimu wake.

Limebaki la malezi. Mwanapunda aliyelelewa na watu tu hujiona mtu. Watoto hufurahi anapowarukia akiwa na kilo 15, lakini mchezo huo huo akiwa na kilo 120 huvunja mbavu. Ndiyo maana ni vyema afunzwe mapema kunywa kwenye bakuli badala ya chupa. Wengi hujifunza kwa siku moja. Kisha awekwe pamoja na punda wengine walio wapole, apate kujua adabu ya punda kwa punda. Akionekana akila kinyesi cha wakubwa, msimfukuze, ndivyo apatavyo vijidudu vya kusaga majani tumboni. Yupo pia anayebahatika kumpata mbuzi mwenye maziwa, akamzoesha kusimama juu ya jukwaa dogo ili anyonyeshe. Nyasi laini awekewe tangu wiki ya kwanza, na akifika miezi mitatu au minne, ikiwa anakula vizuri, maziwa yapunguzwe kidogo kidogo hadi yakome.