Kicheko hakijazi kapu la muuzaji
Vyama vya wafanyabiashara vinapotafuta mtu wa kufundisha uuzaji mtandaoni, jina linalotajwa kwanza ni la anayevunja watu mbavu. Lakini kuchekesha si kufundisha. Nchini Marekani, mwaka 1970, mwigizaji alitambulishwa kwa wataalamu wa afya ya akili kama Dk. Myron Fox, akahutubu kwa mbwembwe juu ya somo asilolijua. Wengi walimsifu, na mmoja alidai kwamba amewahi kusoma maandishi yake! Ikiwa wasomi wale walipumbazwa, sembuse muuza vitenge aliyelipa kiingilio ili apate wateja Instagram?

Watetezi wa wacheshi watasema kwamba anayechosha hasikilizwi, na hapo wana haki. Ukumbi uliosinzia haufundishiki. Basi mcheshi aajiriwe, ila kabla ya mkataba aonyeshe tangazo moja alilolisimamia mwenyewe: liligharimu kiasi gani, liliwafikia wangapi, na wangapi kati yao walinunua. Anayeijua kazi atayaeleza hayo hata kwa utani. Na sehemu ya malipo yake, ingawa hili litawaudhi wengi, isubiri mpaka washiriki watengeneze tangazo lao la kwanza palepale ukumbini.